Mayweather hamwezi Fury, ufundi una kikomo

Swali ni kama bondia Floyd Mayweather wa enzi zake angemshinda Tyson Fury, bondia wa uzito wa juu. Jibu langu: hapana. Mayweather alicheza hadi kilo 70 hivi, Fury hupanda ulingoni na zaidi ya 115. Watu wanafikiria konde moja la kichwani tu, lakini mdogo huanza kumalizwa kwenye kukumbatiana. Jitu linamlalia shingoni, linamsukumia kwenye kamba, mwamuzi anawaachanisha, sekunde chache baadaye tena. Ikifika raundi ya 5 miguu iliyokuwa inamwokoa haipo. Hata ngumi anazozikinga zinamyumbisha.

Ndiyo, wadogo wamewahi kushinda. Roy Jones Jr. alimpiga John Ruiz mwaka 2003 akiwa na kilo 87 dhidi ya 102, na David Haye alimshinda Valuev mwaka 2009 akiwa amezidiwa zaidi ya kilo 40! Ila tazameni vizuri: Haye mwenyewe alikuwa na karibu kilo 98, na konde lake lilimtikisa Valuev raundi ya mwisho. Usyk alipomshinda Fury mwaka 2024, vilevile: ngumi zake zilimtikisa. Kwa mkubwa kukuheshimu, lazima ngumi yako imuume. Mayweather angegusa tu, Fury angeendelea kuja.

Kwangu mfano mzuri kuliko yote ni Billy Conn mwaka 1941, mwepesi dhidi ya bingwa wa uzito wa juu. Alimchezesha Joe Louis raundi 12, akawa mbele kwa pointi. Raundi ya 13 Louis akampata, na pambano likaishia hapo.