Unatafuta dojo ya Goju-ryu? Uliza kilichotokea baada ya 1953

Dojo (kumbi za mazoezi) nyingi za Goju-ryu, mtindo wa karate wa Okinawa, zina picha mbili ukutani: mzee Higaonna Kanryo na mwanafunzi wake Miyagi Chojun, mwanzilishi wa mtindo huo. Mgeni akishaziona huridhika, akatoa ada. Ushauri wangu: picha hizo zisikubabaishe. Hata mbabaishaji anaweza kuzitundika.

Uliza silsila ya mwalimu ilipitia wapi baada ya Miyagi. Yeye alifariki Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, mwaka 1953 bila kuacha mrithi aliyekubaliwa na wote. Mwanafunzi wake Shinzato Jin'an, ambaye wengi walitegemea angemrithi, alikuwa ameshakufa vitani mwaka 1945. Wanafunzi waliobaki kila mmoja akashika njia yake na shule yake: Yagi Meitoku na Meibukan, Toguchi Seikichi na Shoreikan, Miyazato Eiichi na Jundokan. Japani bara, Yamaguchi Gogen alikuwa na Goju-kai yake.

Ukidhani hayo ni majina tu, subiri ubadilishe dojo. Mimi nilipohama, Sanchin ndiyo iliyonifumbua macho; ni kata, yaani mfululizo wa mienendo iliyopangwa. Nilikotoka tulifanya ile ya Miyagi, hakuna kugeuka, unakwenda mbele kisha unarudi kinyumenyume. Huku wakaanza na ile ya Higaonna, yenye kugeuka. Kata fupi, miguu ile ile, lakini mwili ulikataa kabisa. Sensei (mwalimu) ananizunguka, ananipiga makofi mabegani, anabonyeza mapaja kuona kama nimekaza, huku akisikiliza ninavyovuta pumzi. Kila nikifika pa kugeuka, pumzi inapotea.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba orodha ya kata zinazofundishwa. Ukikuta Gekiha na Kakuha, hapo kuna mkono wa Toguchi, maana ni yeye aliyeziongeza. Yagi naye alitunga za kwake. Kisha, kwa adabu na baada ya mazoezi, si mbele ya darasa: "Sensei, wewe ulifundishwa na nani, na yeye alifundishwa na nani?" Mwenye jibu hakunji uso. Wengine hata watakutolea picha za zamani, mkeshe.

Halafu kuna walimu wanaoanzia silsila yao China. Ni kweli Higaonna alijifunza Fuzhou, kwa mtu anayetajwa kama Ryu Ryu Ko, ila watafiti bado wanabishana huyo bwana alikuwa nani hasa. Sasa ukimpata sensei anayekusimulia maisha yote ya Ryu Ryu Ko bila kusita, halafu kwa mwalimu wake mwenyewe anaanza kumung'unya maneno, shika pochi yako uendelee kutafuta.