Hesabu za darasa la kijiji: je, mkulima anaruhusiwa kuziona?

Swali: Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mkulima wa korosho katika kijiji kimoja mkoani Mtwara. Kwa misimu miwili tumekatwa fedha katika kila kilo ili kujenga madarasa ya shule yetu. Kuta zimeishia kwenye lenta na mafundi wameondoka. Nilipoomba ofisini kuona mapato na matumizi, niliambiwa kuwa hizo ni nyaraka za serikali, hazionyeshwi kwa kila mtu. Je, nimevuka mpaka?

Jibu: Ndugu yetu, hujavuka mpaka wowote. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, pamoja na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu masuala muhimu kwa jamii, na darasa lililolipiwa kwa korosho za wanakijiji ni suala la jamii kwa kila kipimo. Kwamba nyaraka hizo ni za serikali ndiyo sababu hasa ya wewe kuziomba, maana ofisi inazitunza kwa niaba yenu.

Anzia kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18 na ambao unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Hapo mapato na matumizi husomwa mbele ya wote, na swali lako litaingia kwenye muhtasari. Kama mkutano hauitishwi, au hesabu zinasomwa kwa jumla tu bila mchanganuo, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia wa Tanzania Bara haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa akamwandikia.

Usiombe "hesabu zote", kwa sababu ombi pana ni rahisi kuahirishwa. Taja msimu, kiasi kilichopokelewa, malipo ya mafundi na stakabadhi za saruji na nondo. Andika nakala mbili, na yako igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa, kwani bila tarehe hiyo hutaweza kuthibitisha kwamba siku 30 zimepita.

Sheria hiyo inaruhusu baadhi ya taarifa kuzuiwa, kama zile za usalama wa taifa, za uchunguzi unaoendelea au za faragha ya mtu. Bei ya saruji haimo humo.

Kuna jambo moja ambalo wakulima wengi wa kusini hulisahau. Aliyekata fedha ni AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na aliyezitumia huenda ni serikali ya kijiji, kwa hiyo unahitaji hesabu za pande zote mbili, ili kiasi kilichotoka huku kilinganishwe na kilichopokelewa kule. Kama wewe ni mwanachama wa AMCOS, ulizia makato hayo kwenye mkutano mkuu wake. Ukikwama, mwone afisa ushirika wa wilaya.

Ukinyimwa taarifa na ofisi ya umma, dai sababu kwa maandishi, kisha omba mkuu wa taasisi auangalie upya uamuzi huo ndani ya siku 30. Usiporidhika, rufaa huenda kwa Waziri. Kwa maoni yangu hapa ndipo sheria ilipo dhaifu, kwa kuwa haikuunda tume huru ya kusikiliza malalamiko haya, na kutoka Nanyumbu au Liwale hadi mezani kwa Waziri ni mbali mno kwa mtu anayetafuta daftari lililo hatua chache kutoka nyumbani kwake. Kwa hiyo ombi lenu likamilikie kijijini: andikeni barua moja, wazazi wengi waitie saini, na ifike ofisini kabla ya msimu mpya wa mauzo, makato mengine yasije yakaanza huku ya zamani hayajaelezwa.