Mpishi si Mwenyeji

Msomaji wetu wa Tanga ananiandikia hivi: "Mwalimu, nimesoma habari isemayo 'Jiji la Salt Lake City lajiandaa kuandaa Olimpiki ya Kipupwe mwaka 2034.' Je, hapo 'kipupwe' ni sahihi, au ilipasa kuwa 'majira ya baridi'?"

Nianze na ulichouliza, maana hakina ugomvi. Kipupwe chetu sisi wa pwani ni Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, mzee anaamka alfajiri amejitanda shuka na kulalamikia magoti. Olimpiki hizi huchezwa Februari, wakati ambapo huko kwenu Tanga ni joto la kaskazi na watu wanalala madirisha wazi. Kamusi zinalikubali neno hilo, na anayelipenda alitumie. Mimi nitasema majira ya baridi, kwa kuwa baridi ya milima ya Utah, jimbo la Marekani uliko mji huo, si ya kujitanda shuka.

Lakini ndugu yangu, "lajiandaa kuandaa" umelirukaje bila kujikwaa?

Kuandaa ni kuweka tayari, na zamani hasa chakula. Bibi yangu akisema "nimeandaa," ulikuta mkeka umetandikwa, sinia la wali katikati, mchuzi umefunikwa kawa, na birika la kunawia liko mlangoni. Neno lilikuwa na harufu ya iliki. Leo limegeuzwa punda wa kila mzigo. Redioni utasikia "mechi itaandaliwa Kasarani." Mechi huchezwa, au hufanyika, kinachoandaliwa ni biriani. Juzi nimesikia mazishi "yataandaliwa Jumamosi nyumbani kwa marehemu." Hapo nilinyamaza, kwa heshima ya marehemu.

Itazame harusi yoyote ya mtaani. Mpishi wa pilau amekodiwa kutoka mtaa wa pili. Tangu usiku yuko nyuma ya nyumba na masufuria yake, macho mekundu kwa moshi. Huyo ndiye anayeandaa. Mbele, mlangoni, amesimama baba wa bibi harusi na kanzu yake iliyopigwa pasi, hata kitunguu kimoja hakumenya, anasema "karibuni, karibuni." Huyo ndiye mwenyeji. Mpishi akiugua utamkodi mwingine. Mwenyeji hakodiwi. Neno lenyewe linajieleza: ni mwenye mji.

Hata wakuu wa michezo hawajaikosa tofauti hii. Wana kamati ya maandalizi, hao ndio wapishi, na wana mji mwenyeji. Anayeichanganya ni mwandishi wa habari.

Nikilisema hili vijana huniambia, "Mzee, si maana inaeleweka?" Haya, tuione. Mwaka 1970 Denver ilipewa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976. Ikaanza kujipanga. Novemba 1972 wapiga kura wa jimbo la Colorado wakakataa fedha za umma zitumike, na Denver ikaachia. Michezo ikahamia Innsbruck, Austria, mji uliokuwa mwenyeji mwaka 1964. Sasa niambie, kijana, nani "aliandaa" Olimpiki ya 1976? Denver iliandaa na haikupokea mgeni hata mmoja. Innsbruck ilipokea wageni wa dunia nzima. Kwa Kiswahili chako wote wawili "waliandaa," na msomaji amebaki na njaa. Cortina d'Ampezzo ya Italia nayo ilikuwa ipokee Olimpiki ya 1944, vita vikaifuta. Wageni wakafika 1956. Kuandaa kunaweza kuishia hewani. Uenyeji hauanzi mpaka mgeni avuke kizingiti.

Na hiyo Salt Lake City yako ndiyo inayonipa ushahidi mtamu zaidi. Ilikwisha kuwa mwenyeji mwaka 2002. Viwanja vya wakati ule vipo na vinatumika, na ilipopewa michezo ya 2034, huko Paris Julai 2024, ilikuwa imeahidi kutojenga kiwanja kipya cha kudumu. Kwa hiyo maandalizi yake ni madogo kuliko ya miji mingi, lakini uenyeji wake hautapungua hata chembe. Miongoni mwa wageni wake wa 2002 alikuwemo Philip Boit wa Kenya, mshindani wa mbio za ski thelujini, yule aliyeshika nafasi ya 92 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, wa mwisho kufika, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri hadi amkumbatie. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hebu sema "mgeni njoo, mwandaaji apone," kisha unieleze ulimi wako umekubali.

Nina hofu nimechelewa. AFCON ya 2027 wamepewa Kenya, Tanzania na Uganda, na kila siku nasoma kwamba nchi tatu "zitaandaa." Sawa, viwanja vinaandaliwa kweli, hilo sibishi. "Kuandaa mkutano" pia nimelizoea, kama mtu anavyomzoea jirani mwenye redio kubwa. Ila "kujiandaa kuandaa" sitalizoea.

Kwa hiyo, ndugu wa Tanga, ningeandika: "Salt Lake City yajiandaa kuwa mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi 2034." Mhariri mmoja aliwahi kuniambia kwamba "mwenyeji" ni refu mno kwa kichwa cha habari. Nikahesabu mbele yake. "Kuandaa" lina herufi saba, "mwenyeji" lina nane. Nikamwambia hiyo moja aikate kwenye malipo yangu.