Gofu: Fimbo Inaposhuka Vibaya

Majibu ya mwezi huu yameandikwa kwa anayepiga mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze pande.

SWALI: Nikipiga dreva (fimbo ndefu ya kupigia mbali), mpira unaanza kushoto, halafu unakunja kulia hadi vichakani. Kedi, mbeba fimbo wangu, ananiambia nainua kichwa. Nimekikaza mpaka shingo inauma, na mpira bado unakwenda kulekule. Kosa liko wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kichwa hakina hatia, ingawa kwenye viwanja vyetu ndicho kinacholaumiwa kwa kila kitu. Usome mpira wenyewe. Upande unaoanzia huamuliwa zaidi na uso wa fimbo, yaani bapa linalogonga mpira. Mkunjo huletwa na tofauti kati ya uso huo na njia inayopita fimbo. Mpira wako ulianza kushoto ukaishia kulia, kwa hiyo uso ulitazama kushoto kidogo, na fimbo ilikuwa inapita kushoto zaidi ya hapo, ikitoka nje (upande wa mbali nawe) kuja ndani.

Anayeisukuma huko nje ni bega la kulia. Ukifika juu unatafuta nguvu, bega linarukia mpira kabla nyonga hazijasogea, mikono inatupwa mbele, na fimbo haina budi kuukata mpira kimshazari. Kisha, kwa kuwa mpira unaenda kulia, unaanza kusimama ukiwa umelenga kushoto. Hapo unaiongezea fimbo ule ule mshazari, na mkunjo unakua. Kwa hiyo anza na msimamo: mpira wa dreva ukae mkabala wa kisigino cha kushoto. Ukiusogeza mbele zaidi, mabega yanafunguka hata kabla hujapandisha fimbo.

Mpangilio unaotakiwa ni huu: uzito uingie mguu wa kushoto wakati mikono bado inamalizia kupanda, nyonga zifunguke, kifua kifuate, kisha mikono, na kichwa cha fimbo kije mwisho kabisa. Kuufundisha mwili, chukua fimbo ya chuma namba 7 na uweke mpira juu ya tii fupi (kijiti cha kuinulia mpira). Simama miguu ikiwa pamoja. Pandisha, na kabla fimbo haijafika juu piga hatua kwa mguu wa kushoto kuelekea shabaha, ukanyage, ndipo ushushe. Piga 10 kwa nusu ya nguvu. Mguu ukitangulia, bega hulazimika kungoja.

Ukishazoea, rudi kwenye dreva na utumie kifuniko chake. Kiweke sm 30 nyuma ya mpira, ukingo wake wa karibu ukiwa sm 10 nje ya mstari wa shabaha. Ukikigonga, bega limetangulia tena. Usiweke chupa wala jiwe; shafti (mpini wa fimbo) ni ghali.

Angalizo: mpira ukianza kulia na kuzidi kwenda kulia, huo ni ugonjwa mwingine. Tazama mkono wa kushoto ulivyoshika. Ukiinama kuutazama uone vifundo viwili au vitatu vya vidole. Ukiona kimoja tu, zungusha mkono huo kulia kidogo juu ya gripu (mshikio wa fimbo).

SWALI: Fimbo za chuma zinachimba ardhi kabla ya mpira. Niliambiwa nichelewe kukunjua vifundo vya mikono. Sasa sichimbi sana, ila mpira unatambaa kulia. – Msomaji, Arusha

JIBU: Ushauri huo umeponza wengi. Ukivikaza vifundo kwa makusudi, uso wa fimbo unachelewa kufunga, na mpira unatoka kulia bila nguvu. Mkunjo wa vifundo hudumu wenyewe pale mwili unapotangulia. Ukibaki mguu wa kulia, mikono hukunjua mapema ili iufikie mpira.

Pima kwenye banka (shimo la mchanga) la mazoezi. Chora mstari mchangani, simama kama vile mpira uko juu yake, upige bila mpira. Alama ya fimbo inatakiwa kuanza mstarini au sentimita chache upande wa shabaha. Ikianzia nyuma, uzito haujahama. Rudia, na kila ukimaliza simama hivyo hivyo kisha uinue mguu wa kulia. Ukiyumba, uzito ulibaki nyuma. Usirudi kwenye mipira mpaka alama tano mfululizo zikae mbele.

Usidanganywe na nyasi ya kikuyu iliyojaa kwenye viwanja vya nyanda za juu. Inauinua mpira, na fimbo iliyogusa chini mapema kidogo bado huonekana imepiga vizuri. Ukienda kwenye ardhi ngumu iliyokauka, kosa lile lile linafanya fimbo idunde na kuupiga mpira tumboni.

SWALI: Nifikirie nini fimbo ikishuka? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Usifikirie kitu. Kushuka huchukua takriban robo ya sekunde, na huwezi kurekebisha lolote humo ndani. Wachezaji wazuri hupandisha kwa muda unaokaribia mara tatu ya ule wa kushusha, hivyo hesabu "moja, mbili, tatu" ukipanda, na "nne" iwe mpira. Kama huwezi kupiga bila neno kichwani, chagua "kushoto", na ulitaje kwenye "tatu", fimbo ikiwa bado inapanda.