Wasomaji Wauliza: Goti Lauma, Nitembee Wapi?

Barua za safari hii nyingi zatoka kwa watu wanaotaka kutembea. Si mbio wala kupanda milima, kutembea tu ufuoni na mashambani, na kila mmoja ana lake: huyu goti, yule ana mzee wa kusukumwa, mwengine ana wageni. Nimechagua nne.

Dada wa jarida, asalaam aleikum. Mi nina miaka 61, niko Maweni hapa Malindi, sukari ninayo na goti la kushoto lanisumbua. Daktari kanambia nitembee ila hakunambia wapi. Nikaenda ufuoni asubuhi moja, niliporudi siku mbili ngazi sipandi. Sasa naogopa. Mama wa Maweni.

Waaleikum salaam mamangu, na pole sana. Kwa vile ulivyoandika naona ulipita kwa ule mchanga mkavu wa juu, ule mguu unazama mpaka kifundoni, na hapo hata kijana wa miaka ishirini atahema. Huku kwetu pwani hatuna milima mama, mlima wetu ni mchanga. Mtu akinambia ametembea kilomita mbili mi humuuliza kwanza, juu ya nini?

Sasa fanya hivi. Ngoja maji yapwe, utembee pale palipolowa, karibu na maji lakini si ndani ya maji. Ufuo wetu wa Malindi mchanga wake ni wa rangi ya udongo kwa sababu mto Sabaki unamwaga tope la bara hapo kaskazini yetu tu, na ukilowa unashikana vizuri, wakanyaga kama sakafu. Tena angalia usitembee pale ufuo umelala upande, maana mguu mmoja unakuwa juu na mwengine chini na goti ndilo linalolipa. Tafuta palipo sawa, na maji yakipwa sana pako tele.

Saa je? Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na saa hizo jua si rafiki. Lakini kila siku maji huchelewa karibu dakika 50, kwa hivyo ukirudi nyuma siku tatu kabla ya mwezi kuwa mpevu utayakuta yamepwa kama saa mbili, na hapo ndipo pako mama, baridi bado ipo na mchanga ni mgumu. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila hata kuangalia simu. Siku za maji mafu, yaani maji yasipopwa sana, usihangaike na ufuo, tembea barabarani upande wa Casuarina kwenye kivuli cha mivinje, alfajiri, magari bado machache.

Kuhusu sukari, hapa nakuomba sana. Usitembee peku wala kwa champali. Vaa raba na soksi, kwa sababu sukari huua hisia za miguu polepole, waweza kukanyaga kombe au mwiba usijue mpaka kidonda kimeanza. Ukifika nyumbani vua, kalia kiti, tazama nyayo na katikati ya vidole, na kama hauoni vizuri mwite mjukuu akutazamie. Kama watumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usitoke na njaa, na mfukoni weka tende au juisi, ukisikia mikono yatetemeka na jasho la baridi kaa chini ule papo hapo.

Kiasi: wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wasema dakika 150 kwa wiki kwa mtu mzima, ambayo ni nusu saa siku tano, lakini wewe anza na dakika kumi tu. Tano kwenda, tano kurudi. Wiki ijayo ongeza kidogo. Na uende na mtu wa kuzungumza naye, maana mkiweza kuongea bila kukatika pumzi mwendo wenu uko sawa, ukishindwa kumaliza sentensi punguza.

Tuko watu tisa, watoto wanne, na babu yetu anatumia kiti cha magurudumu. Twataka siku moja sote pamoja, asiachwe mtu nyumbani. Gede au Mida? Familia ya Barani.

Gede, na nimefurahi mlivyosema asiachwe mtu.

Ni magofu ya mji wa kale, kama kilomita 16 kutoka Malindi mjini, na uzuri wake ni kivuli. Mji wenyewe uliachwa karne ya 17, msitu ukaingia ndani ya nyumba za watu, leo unapita katikati ya kuta za matumbawe huku juu miti imefunika, tumbili wanaruka, na jua hulioni sana. Mwaka 2024 UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, na kwa kweli ulistahili kitambo. Onyesheni watoto lile kaburi lenye tarehe, limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, wapige hesabu hapo hapo ni miaka mingapi.

Kwa babu, niseme ukweli: njia ni za udongo na mizizi imetokeza, si lami. Nendeni siku ambazo hakujanyesha, wawe vijana wawili wenye nguvu, mmoja nyuma na mmoja mbele wa kuinua magurudumu ya mbele kwenye mizizi. Msimlazimishe kuingia kila chumba cha jumba la kifalme kwani kuna vizingiti, mtafutieni pahala pa kivuli karibu na msikiti mkuu akae na mmoja wenu, wengine wazunguke warudi wamhadithie. Hiyo pia ni matembezi. Mida, lile hori la bahari, ina daraja la mbao kwenye mikoko, watoto watalipenda sana lakini linayumba na kwa kiti halifai, labda babu abaki ukingoni atazame ndege.

Na hata kama ni karibu na Gede, msijiingize msitu wa Arabuko-Sokoke peke yenu. Mle mna ndovu. Chukueni mwelekezi pale kituo cha msitu, mwambieni wazi kuna watoto awape njia fupi.

Nina wageni watatu wanakuja Lamu, mmoja ni mnene na hajazoea kutembea. Nataka kuwapeleka Matondoni kwa miguu wakaone majahazi yanavyoundwa. Itakuwaje? Kijana wa Langoni.

Ndugu yangu, Matondoni siku ya kwanza usimpeleke. Ni karibu saa mbili za mwendo, njia ina mchanga na sehemu nyingi hazina kivuli, na ukifika nusu hakuna gari la kukuokoa, wewe wajua kisiwa chenu. Akichoka katikati itakuwa fedheha kwake mbele ya wenzake, na mtu akiaibika siku ya kwanza hatembei tena safari nzima.

Anza na Shela. Kama kilomita tatu kwa kufuata pwani, tambarare, dakika arobaini na tano kwa mtu wa kawaida, kwake mpe saa nzima na mkae mara mbili njiani. Tokeni baada ya alasiri jua likipoa, ila tazama maji kwanza, yakijaa kuna pahala yanawafuata miguuni. Uzuri wa Shela ni kwamba kurudi si lazima kwa miguu, boti zipo. Hilo ndilo naangalia mimi kabla ya chochote: mtu akichoka, atarudi vipi?

Mkifika msiwapandishe kwenye matuta ya mchanga. Yale ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu, na kwa mgeni wako ni mateso.

Siku ya tatu, kama amepata moyo, nendeni Matondoni kwa mashua mrudi kwa miguu wale wanaotaka, yeye arudi na mashua. Nyote mtakutana kwa chai.

Marafa ni ngumu? Mwalimu, Mambrui.

Juu ukingoni si ngumu mwalimu, wanafunzi wote wataweza. Kushuka ndani ya Nyari, yaani lile korongo la Marafa, ndiko kuna mteremko na udongo unateleza ukilowa, kwa hivyo wa magoti na pumzi wabaki juu, na kwa kweli rangi za ule udongo jioni waziona vizuri zaidi ukiwa juu. Saa sita mchana usiwapeleke kabisa, mle chini hakuna upepo. Na kwa vile uko Mambrui, mdomo wa Sabaki uko karibu nawe na ndege ni wengi, lakini mna viboko na mamba, kaeni mbali na maji na muwe mmeondoka kabla ya magharibi.