Nani Anamlea Mzazi? Maswali yenu ya siku arobaini

Kazi yangu ni kukaa na wazazi majumbani hapa Mwanza wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Haya ni baadhi ya maswali mliyoniletea.

Shikamoo mama. Wifi yangu yuko Marekani. Alipojifungua alimlipa mtu anayeitwa doula aje nyumbani kwake. Huyo ni mkunga au dada wa kazi? (Msomaji, Buhongwa)

Marahaba mwanangu. Si mkunga, maana hachomi sindano wala hatoi dawa. Dada wa kazi naye hushughulika na nyumba nzima, huyu anamwangalia mzazi. Amekula? Amelala? Mtoto anashika titi vizuri? Damu inatoka kiasi gani? Akiona jambo haliendi sawa, yeye ndiye wa kwanza kusema twende hospitali.

Neno ni la Kigiriki, maana yake mtumishi wa kike. Dana Raphael, mwanaanthropolojia wa Marekani, alilitumia mwaka 1973 alipoandika kuhusu kunyonyesha, akimaanisha mwanamke anayemsaidia mzazi mpya. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mama, shangazi au mama mkwe, na pale walipo bado ni yao. Lakini wangapi mmepanga chumba Igoma au Buhongwa, na mama yuko Kibondo? Na kwa kuwa Dula hapa kwetu ni Abdallah, mimi hujitambulisha kama mlezi wa mzazi.

Dada, binti yangu anajifungulia Mwanza mwezi ujao nami nakwenda kumtunza. Ameshanionya: nisimkande, nisimpe mtoto maji, nisipake kitu kitovuni. Sasa nakwenda kufanya nini? (Mama, Sengerema)

Dada yangu, nenda, tena nenda mapema. Kwenye maji na kitovu binti yuko sawa. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, kwa hiyo hata jua la Mwanza likiwaka vipi, mtoto wa chini ya miezi 6 anatosheka na titi. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, bila majivu, mafuta wala mate. Kama kituoni wamewapa dawa ya kupaka, tumieni hiyo tu.

La kukanda mzungumze. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu mgongoni na miguuni kinampumzisha mtu, akitaka mwenyewe. Maji ya kuchemka yanaunguza, na aliyepasuliwa hakandwi tumbo kabisa.

Yanayobaki ni mengi: uji wa ulezi asubuhi kabla hajauliza, supu ya sato, mchicha, kuanua nepi, kuwaambia wageni kwa upole kwamba mzazi amelala. Hapo kwa wageni ndipo panaponiumiza. Wanaingia, wanampokea mama mtoto, wanamwachia vyombo. Mimi pia nilikosea hivyo mwaka wangu wa kwanza. Mtoto akilia nambeba mimi, namtuliza mimi, najiona mwema. Siku ya nne mzazi mmoja, nyumbani kwake Mabatini, akaniambia kwa sauti ndogo huku anaangalia ukutani: "Kwako ananyamaza, kwangu analia." Tangu siku ile nachukua ndoo, nachukua nepi, mtoto namwacha kifuani kwa mama yake. Nikimbeba, ni kwa sababu mama ameniomba.

Mwanangu ana siku nne. Matiti yamejaa hadi yamekuwa magumu, chuchu zina vidonda, na mtoto analia kutwa. Mawifi wanasema maziwa hayatoshi, ninunue ya kopo. (Mama, Kirumba)

Pole sana mwanangu. Titi gumu la siku ya nne maana yake maziwa yameingia, tena mengi. Shida ni kwamba mtoto hawezi kulishika. Ngozi karibu na chuchu imetuna, mdomo unateleza, anabaki kutafuna ncha, nawe unapata vidonda.

Weka kitambaa cha uvuguvugu dakika chache, kamua kidogo kwa mkono mpaka sehemu nyeusi ilainike, halafu mlete mtoto, tumbo lake likikugusa. Subiri afungue mdomo wazi kama anayepiga miayo. Kidevu kiguse titi, na sehemu nyeusi iingie mdomoni, si chuchu peke yake. Ukiumia, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo umtoe, mwanze upya. Akishika vizuri utamsikia anameza. Sauti ile nikiisikia kwenye chumba kimya, mimi mwenyewe napumua.

Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Kuanzia siku ya tano tegemea nepi 6 au zaidi zilizolowa mkojo kila siku. Hizo ndizo za kuwaonyesha mawifi. Ukipata homa au titi likawa jekundu upande mmoja, nenda kituoni. Na mtoto akikataa kabisa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi, akipumua haraka au akiwa wa njano viganjani na nyayoni, mpeleke saa hiyo hiyo.

Mke wangu ana siku mbili tangu ajifungue. Hatuna ndugu hapa. Nisaidie nini mwanaume? (Baba, Nyegezi)

Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 3 za likizo yenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Zichukue. Jaza maji, pika, fua. Usiku mtoto akiamka, mnyanyue, mbadilishe, mpe mama, naye akimaliza kunyonyesha mchukue umcheulishe. Mahudhurio ya kliniki baada ya kujifungua yasikupite, na uende naye.

Mtoto ana wiki tano, mzima. Mimi nalia kila siku, silali hata yeye akilala. Namwangalia naona kama si wangu. Sijamwambia mtu. (Pasiansi)

Umeniambia mimi, na umefanya vizuri mwanangu. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Wewe uko wiki ya tano. Hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa unaotibika. Haina maana kwamba humpendi mwanao, wala hujarogwa. Kliniki si ya kupima uzito wa mtoto tu. Ukifika mwambie muuguzi maneno haya haya uliyoniandikia, na uombe kuonana na daktari. Nyumbani mchague mtu mmoja, umwambie leo.

Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako hata kidogo. Mwite mtu, mwende hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Huku kisiwani nani ana hela ya kumlipa mlezi? (Msomaji, Ukerewe)

Gawaneni, mama. Kabla hajajifungua, wanawake watano mkae: huyu maji, huyu uji wa asubuhi, huyu kumpeleka mtoto mkubwa shule, huyu kufua, na mmoja alale naye wiki ya kwanza. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ajue nyumba ilipo. Na jambo moja la kisiwani mlipange mapema: mzazi akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, akiumwa kichwa kikali na kuona ukungu, au akipata degedege, nani ana pikipiki ya kumfikisha kituoni, na ikibidi kuvuka usiku, nani ana boti yenye mafuta? Namba zao ziandikeni ukutani, karibu na kitanda.