Unautaka ujaji wa Mahakama ya Juu ya Wisconsin? Tangulia kusoma kalenda

Wakili mmoja mwenye leseni ya Wisconsin, jimbo la Marekani, ametuandikia: ana miaka minne kazini, aanze lini kampeni ya Mahakama ya Juu ya jimbo? Jibu fupi ni bado. Katiba ya jimbo inataka uwe na leseni ya uwakili ya hukohuko kwa miaka 5 kabla ya uchaguzi. Jibu refu ni hili.

Aliyezoea Nairobi au Dodoma, ambako majina ya majaji hupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama hadi kwa rais, anaweza kucheka akisikia jaji anaomba kura. Wisconsin hilo ni jambo la kawaida. Majaji ni 7, kila mmoja ana kipindi cha miaka 10, na kura hupigwa Jumanne ya kwanza ya Aprili. Kisha kuna kanuni ambayo wengi huiruka: mwaka mmoja hauwezi kuchagua zaidi ya jaji mmoja. Kwa hiyo gavana akikuteua kuziba pengo, unasubiri mpaka upatikane mwaka ambao hakuna kiti kingine kinachogombewa. Daniel Kelly aliteuliwa 2016, akasimama mbele ya wapiga kura 2020, akaanguka. Shirley Abrahamson naye aliingia kwa kuteuliwa, 1976. Akashinda 1979, 1989, 1999 na 2009, akastaafu 2019. Jua kwanza kiti unachokitaka kinaangukia mwaka gani.

Halafu wadhamini. Unahitaji saini 2,000 hadi 4,000, zikusanywe kuanzia Desemba 1 na kufikishwa Jumanne ya kwanza ya Januari, mwisho saa 11 jioni. Desemba ya Wisconsin ni barafu, kalamu zinagoma kuandika, watu hawataki kuvua glavu. Ndipo makosa yanapoingia: mtu anaandika sanduku la posta badala ya anwani ya anapoishi, anasahau tarehe, jina halisomeki. Baya zaidi ni mkusanyaji kutia saini tamko la chini ya karatasi kabla hajamaliza kukusanya. Hapo karatasi nzima iko hatarini, na mpinzani ana siku 3 za kuweka pingamizi. Kusanya 3,500, kila jioni zikaguliwe na mtu ambaye hakuzikusanya.

Fedha usiiombe kwa mdomo wako. Kanuni za maadili zinamkataza mgombea ujaji kuomba wala kupokea michango mwenyewe; kazi hiyo ni ya kamati yako. Mtu mmoja anaruhusiwa kukuchangia hadi dola 20,000, lakini chama hakina kikomo, na hapo ndipo mto wa fedha unapopita, ingawa karatasi ya kura haionyeshi chama cha mtu. Mwaka 2025, Susan Crawford alipomshinda Brad Schimel katika kugombea kiti cha mahakama hii, pande zote pamoja zilitumia zaidi ya dola milioni 100. Tunaliona jambo la aibu, lakini anayejifanya halipo anashindwa mapema.

Mdomo nao una mipaka. Tangu 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani inamruhusu mgombea ujaji kutaja msimamo wake kuhusu masuala yenye mabishano. Kuahidi utakavyoamua kesi ni jambo jingine kabisa. Janet Protasiewicz alisema kwenye kampeni ya 2023 kwamba ramani za majimbo ya uchaguzi zilichakachuliwa. Alishinda, lakini kabla hata hajaamua kesi moja, wabunge wa upande wa pili walianza kutishia kumng'oa. Hakujitoa kwenye kesi ya ramani na akabaki kazini, ila kila sentensi ya kampeni ilisomwa upya. Kabla ya mdahalo, andika majibu yako na mpe wakili mwingine ayasome kama adui.

Jambo moja zaidi: ukishachaguliwa, huruhusiwi kushika cheo kingine cha umma kisicho cha ujaji mpaka kipindi kiishe. Mwenye ndoto ya ugavana akapange foleni kwingine.

Kwa wakili wa miaka minne: Crawford, Protasiewicz na Jill Karofsky, aliyemwangusha Kelly 2020, wote walitokea mahakama za kaunti. Huko kipindi ni miaka 6, leseni inayotakiwa ni ya miaka 5 ileile, na katika kaunti nyingi saini ni 200 hadi 400 tu.